Mzizi mmoja wa maswali mengi ya imani

Watu wanaoniuliza maswali ya imani hapa Mbeya hawaanzi na mambo mazito ya vitabuni. Wanauliza kama ubatizo wa utotoni unafaa au ni lazima wakazamishwe upya mtoni, na kama Jumapili ndiyo siku halali ya ibada. Wanauliza kama mgonjwa aliyeombewa anaonyesha kukosa imani anapoendelea kumeza dawa, kama fungu la kumi hutolewa kabla ya kulipa deni la mbolea au baada yake, na kama Mkristo anayeitwa kwenye tambiko la ukoo anaweza kwenda akakaa pembeni bila kushiriki. Mimi ni mwinjilisti katika Kanisa la Moravian na hufundisha darasa la kipaimara, kwa hiyo maswali haya nayasikia darasani, kwenye ibada za nyumba kwa nyumba, msibani, na hata barabarani kati ya Mwanjelwa na Uyole. Kadiri ninavyoyasikiliza, ndivyo ninavyozidi kuona kwamba mengi yametoka katika mzizi mmoja. Muulizaji anataka kujua kama alichokifanya Kristo kwa ajili yake kinatosha, au kama kuna kitu kimebaki ambacho asipokiongeza atapotea.

Swali hilo ni la zamani kuliko makanisa yetu yote. Kolosai ulikuwa mji mdogo katika nchi ambayo leo ni Uturuki, jirani na Laodikia na Hierapoli, na Paulo hakuwa amewaona kwa macho waumini wa huko. Injili walikuwa wameipokea kupitia Epafra. Walikuwa wameamini na kubatizwa, lakini baadaye wakaja walimu waliowaambia kwamba bado hawajafika: yako masharti ya vyakula na vinywaji, ziko sikukuu, mwandamo wa mwezi na sabato, iko ibada ya malaika, na ziko amri za kutoshika, kutoonja na kutogusa. Ukisoma polepole barua ambayo Paulo aliwaandikia Wakolosai unaona kwamba chini ya masharti yote ilikuwepo hofu ya enzi na mamlaka zisizoonekana, ambazo watu waliamini kwamba zinashika maisha yao na kwamba lazima zitulizwe. Paulo hakuwapa orodha bora kuliko ile ya wale walimu. Aliwaandikia hivi: “Maana katika yeye unakaa utimilifu wote wa Mungu, kwa jinsi ya kimwili. Na ninyi mmetimilika katika yeye aliye kichwa cha enzi yote na mamlaka.” Naamini kwamba mtu aliyeishika mistari hiyo miwili ya sura ya pili amepata mahali pa kusimama anapoyakabili maswali karibu yote niliyoyataja.

Hapo ndipo ninapoliweka pia swali la Utatu, ambalo vijana huliuliza baada ya kubishana na wenzao chuoni au kazini. Wanaambiwa kwamba Uungu wa Kristo ulibuniwa na maaskofu katika mtaguso, yaani mkutano mkuu wa Kanisa, uliofanyika Nikea mwaka 325. Ukweli ni kwamba mtaguso huo uliitishwa kwa sababu Ario, kasisi wa Aleksandria, alikuwa anafundisha kwamba Mwana ni kiumbe, naye alikuwa anapingana na yale ambayo Kanisa lilikuwa likiyaimba, likiyaomba na kubatizia kwa vizazi vingi kabla yake. Athanasio, ambaye alihudhuria Nikea akiwa shemasi na baadaye akafukuzwa mara tano katika kiti chake cha uaskofu kwa sababu ya jambo hili, alilitetea kwa hoja ambayo hata mtoto wa kipaimara anaielewa: kiumbe hawezi kumuunganisha kiumbe mwenzake na Mungu. Kama Yesu ni malaika mkubwa tu au nabii aliyepita wengine wote, basi kweli hatoshi, na tunapaswa kutafuta nyongeza. Kwa sababu hiyo siwezi kukubali kwamba fundisho la Utatu ni la wasomi tu. Utulivu wa mkulima wa Igurusi anapokufa unategemea fundisho hilo.

Sasa nije kwenye ubatizo, kwa kuwa hakuna jambo linalowasumbua vijana wetu kuliko hili. Kijana alibatizwa akiwa mchanga katika Kanisa la Moravian, la Kilutheri au Katoliki, akapata kipaimara, akaenda chuo au akahamia mtaa mwingine, akahudhuria mkutano wa Injili, akaguswa kweli na Neno la Mungu, akatubu kwa machozi. Jambo hilo ni jema na ninamshukuru Mungu kwa ajili yake. Kisha anaambiwa kwamba yale maji aliyomwagiwa utotoni yalikuwa maji ya kawaida tu, kwa sababu Marko 16:16 inasema “Aaminiye na kubatizwa ataokoka”, na mtoto mchanga haamini. Anaanza kukosa usingizi, kisha anakuja kuuliza.

Ni haki kuwatendea ndugu zetu hawa kwa uaminifu. Wao hawasemi kwamba wanabatiza mara ya pili. Wanasema kwamba wanabatiza mara ya kwanza, kwa sababu kwao ubatizo ni ushuhuda wa mtu aliyekwisha kuamini, na wanasoma Matendo ya Mitume ambako wengi wanaobatizwa ni watu wazima waliosikia na kuamini. Hoja hiyo ina uzito, na walioianzisha waliilipia kwa damu. Tarehe 21 Januari 1525, mjini Zurich, Conrad Grebel alimbatiza Georg Blaurock, na katika miaka iliyofuata watu wengi wa kundi lao waliuawa, wengine kwa kuzamishwa majini, na wauaji wao walikuwa Wakristo wenzao, Wakatoliki na Waprotestanti. Anayebishana juu ya ubatizo leo anapaswa kukumbuka dhambi hiyo na kuongea kwa upole.

Hata hivyo ninaamini kwamba hoja hiyo inauweka ubatizo mahali pasipo pake, kwa sababu inaufanya kuwa tendo la mtu kumwelekea Mungu kabla ya kuwa tendo la Mungu kumwelekea mtu. Katika Wakolosai 2, mistari michache tu baada ya ile niliyoinukuu, Paulo anauweka ubatizo sambamba na tohara, ambayo mtoto wa Kiisraeli aliipokea siku ya nane bila kujua lolote, na anasema kwamba katika ubatizo tulizikwa pamoja na Kristo na kufufuliwa pamoja naye. Petro, siku ya Pentekoste, aliwaambia waliochomwa mioyo kwamba ahadi ni kwa ajili yao na kwa watoto wao. Mlinzi wa gereza la Filipi alibatizwa yeye na wote walio wake, usiku uleule. Sisemi kwamba maandiko haya yanamaliza ubishi, maana Agano Jipya halina simulizi la wazi la mtoto mchanga akibatizwa, na Tertuliano, mwalimu wa Kanisa wa Karthago huko Afrika ya Kaskazini, aliyeandika karibu na mwaka 200, alishauri watoto wasubiri. Lakini ushauri wake wenyewe ni ushahidi kwamba wakati huo watoto walikuwa wanabatizwa, na sababu zake hazikuwa kwamba ubatizo wao ni batili.

Swali la kubatizwa tena Kanisa lilikwisha kulipigania mapema sana. Miaka ya 255 na 256 Kipriano, askofu wa Karthago, alitaka watu waliobatizwa na makundi yaliyojitenga wabatizwe upya. Stefano, askofu wa Roma, akakataa, akasema wawekewe mikono tu. Mwaka 314 mtaguso wa Arles uliamua kwamba aliyebatizwa kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu asirudiwe. Imani ya Nikea, kama ilivyokamilishwa mwaka 381, inaungama ubatizo mmoja, kama vile Waefeso 4:5 inavyosema “Bwana mmoja, imani moja, ubatizo mmoja.” Mwaka 1982 wajumbe wa makanisa mengi ya dunia waliokutana Lima, nchini Peru, walikubaliana kwamba ubatizo ni tendo lisilorudiwa. Ndiyo maana leo Mlutheri anayehamia Moravian habatizwi, na Katoliki hawambatizi Mmoravian anayejiunga nao.

Wamoravian wenzangu wengi hawajui kwamba sisi wenyewe tumewahi kuwa upande ule mwingine. Kanisa letu la kale, lililoanza mwaka 1457 huko Bohemia, katika nchi ambayo leo ni Ucheki, miongoni mwa wafuasi wa Yan Hus, mhubiri aliyetaka kulirekebisha Kanisa, lilikuwa linawabatiza tena watu waliojiunga nalo kutoka Kanisa la Roma, na katika sinodi ya Lhotka mwaka 1467 waliokuwepo walibatizwa upya. Zoea hilo liliachwa katika miaka ya 1530. Baba zetu walipima wakaona kwamba kurudia ubatizo ni kumwambia Mungu kwamba ahadi yake ya kwanza haikushika. Kwa hiyo wamisionari wa Moravian walipofika Rungwe mwaka 1891 walikuja na msimamo ambao Kanisa lao lilikuwa limefika huko kwa kuchunguza maandiko muda mrefu, na hawakubatiza watoto kwa mazoea tu.

Kijana aliyeguswa kwenye mkutano ninamweleza kwamba kilichompata ni kile ambacho ubatizo wake ulikuwa unakisubiri. Ubatizo ni ahadi. Imani ni mkono unaoipokea. Na mkono unaweza kuchelewa miaka 20 bila ahadi kuoza. Martin Luther alipojaribiwa na mashaka alikuwa anajikumbusha kwamba amebatizwa, na hakutafuta hisia mpya za kumthibitishia. Tena ninamwonya juu ya jambo moja la kweli: akibatizwa upya kwa sababu ya hofu, hofu hiyo haitabaki mtoni. Baada ya mwaka atakutana na mhubiri mwingine atakayemwuliza kama waliombatiza walitumia jina sahihi, au kama alinena kwa lugha alipotoka majini, naye ataanza tena. Nimeona vijana waliozunguka hivyo mpaka wakachoka na imani yenyewe. Kwa wale waliokwisha kubatizwa upya na kisha wakarudi kwetu, hakuna sababu ya kuwaaibisha mbele ya ushirika. Wazungumze na mchungaji, waombewe, wakaribishwe mezani pa Bwana.

Suala la siku ya ibada linahitaji maneno machache. Ndugu zetu Waadventista wanatukumbusha kwa uaminifu juu ya amri ya nne, lakini ile habari inayozunguka kwamba Jumapili iliwekwa na Konstantino, kaisari wa Roma, haisimami. Ni kweli kwamba mwaka 321 alitoa sheria ya kupumzika Jumapili. Lakini Yustino Mfiadini, aliyeandika katikati ya karne ya pili, anaeleza Wakristo wakikusanyika siku hiyo kusoma maandiko na kushiriki mkate na kikombe, zaidi ya miaka 150 kabla ya sheria hiyo, na Matendo 20:7 inawaonyesha waumini wa Troa wakiumega mkate siku ya kwanza ya juma. Paulo anawaambia Wakolosai kwamba mtu asiwahukumu kwa ajili ya sabato, nami nachukua kauli hiyo pande zote mbili: anayeshika Jumamosi kwa ajili ya Bwana asihukumiwe, wala asinihukumu.

Jambo la uponyaji ni zito zaidi, kwa sababu hapa makosa ya mafundisho yanaua. Mikoa yetu ina mzigo mkubwa wa VVU kuliko mingine. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha maambukizi ya asilimia 4.4 kwa watu wa miaka 15 na zaidi nchini kote, lakini Njombe ilikuwa asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Maana yake ni kwamba katika kila ibada ya Jumapili, katika kila kwaya na kila baraza la wazee, wamo watu wanaomeza dawa za kufubaza virusi kila siku, na wengi wao wanazimeza kwa siri wakiogopa kuonekana hawana imani. Mhubiri anaposimama na kutangaza kwamba aliyeponywa atupe vidonge, anaongea na watu hao.

Yafaa kueleza jinsi udanganyifu huu unavyoshika. Dawa zikitumiwa vizuri huwazuia virusi kuzaliana, mpaka kipimo cha kiwango cha virusi kinaandikwa kwamba havionekani. Mgonjwa anayesikia neno hilo siku chache baada ya maombezi anaamini kwamba amepona kabisa, kumbe virusi vimebaki vimejificha ndani ya seli, na akiacha dawa vinarudi katika muda wa wiki chache tu, pengine vikiwa sugu kwa dawa zilezile. Sisemi hivi ili kupunguza uwezo wa Mungu. Namwamini Mungu anayeponya, na ninaombea wagonjwa kama Yakobo 5:14 inavyoagiza, pamoja na wazee na mafuta. Lakini mtu aliyeponywa kweli hana cha kupoteza kwa kurudi CTC, kliniki ya wanaotumia dawa za VVU, na kupimwa, kama vile Bwana Yesu alivyowaagiza wenye ukoma waliotakaswa wajionyeshe kwa makuhani. Mhubiri anayekataza kupima amekwisha kujieleza.

Biblia yenyewe haioni aibu juu ya dawa. Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu la Hezekia, naye Hezekia alikuwa tayari amepewa neno la Mungu kwamba atapona. Paulo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, alimwacha mwenzake Trofimo katika mji wa Mileto akiwa mgonjwa, na katika salamu za mwisho za barua hiihii ya Wakolosai anamtaja Luka, “yule tabibu mpendwa”. Paulo mwenyewe alipoomba mara tatu mwiba wake uondolewe alijibiwa: “Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu.” Watu waliotuletea Injili katika nyanda hizi walilijua hilo, na hospitali zilizozaliwa na makanisa zinalishuhudia hadi leo, kuanzia Isoko, Mbozi na Igogwe hadi Chimala, Ilembula na Ikonda. Mama mmoja aliniambia kwamba kila asubuhi kabla ya kumeza kidonge chake anasema “Asante, Bwana.” Sala hiyo ina imani kamili, wala sijui ni nani mwenye haki ya kuiita pungufu.

Kuhusu mafuta, maji na chumvi vinavyouzwa kama vyenye upako, nitasema wazi. Mitume walipaka wagonjwa mafuta, hawakuyauza. Simoni wa Samaria alipotaka kuipata karama ya Mungu kwa mali, Petro alimjibu kwa ukali ambao hauonekani mara nyingi katika Matendo ya Mitume. Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa katika msongamano wa waumini waliokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Ninawaombolezea watu hao kama ndugu zangu. Hawakuwa wapumbavu. Walikuwa watu wenye shida za kweli walioaminishwa kwamba baraka ya Mungu iko mahali fulani pa kukanyagwa, na kwamba atakayechelewa ataikosa.

Hofu hiyohiyo ndiyo inayowarudisha Wakristo wengi kwenye tambiko na kwa mganga. Mtoto anaumwa mfululizo, biashara imekwama, na wazee wa ukoo wanaita watu nyumbani Tukuyu, Kilolo au Makete: pombe itapikwa, kuku atachinjwa, na waliotangulia wataombwa wasikasirike. Swali la kama Mkristo aende ni gumu kuliko wahubiri wengi wanavyolichukulia, kwa sababu ndani yake kuna mambo mawili yaliyofungwa pamoja. Moja ni heshima kwa wazazi na ukoo, ambayo Mungu mwenyewe ameiamuru. Jingine ni kuomba ulinzi kwa asiyekuwa Mungu, na hapo Mkristo hana nafasi, hata akiwa amekaa pembeni, iwapo kukaa kwake kunahesabiwa kuwa ni kuungana na ombi hilo. Ushauri ninaoutoa ni kwamba mtu awahi siku moja au mbili kabla, awasalimie wazee kwa adabu yote, atoe mchango wa chakula bila ubahili, ashiriki kufyeka na kusafisha makaburi, kisha awaeleze kwa kinywa chake mwenyewe kwa nini hatakaa kwenye lile ombi. Kutuma ujumbe wa simu wa kuwaita wazee wapagani ni dhambi nyingine juu ya ile inayokwepwa.

Tena tusifikiri kwamba imani yetu haina la kusema makaburini. Alfajiri ya Pasaka sisi Wamoravian hukusanyika kwenye makaburi kabla jua halijachomoza, tukaimba na kuungama kwamba Bwana amefufuka na kwamba waliolala katika yeye wako mikononi mwake. Mtu aliyesimama hapo, kwenye ukungu na baridi ya Rungwe, akiwa karibu na kaburi la bibi yake, ameuheshimu ukoo wake kuliko yeyote, na hakuomba kitu kwa marehemu kwa sababu wote wawili, yeye na bibi yake, wanamtegemea Bwana mmoja.

Juu ya uchawi, sijaribu kumshawishi mtu kwamba uovu haupo. Paulo hakufanya hivyo. Alisema kwamba Kristo amezivua silaha enzi na mamlaka, akazishangilia msalabani. Anayevaa hirizi chini ya shati la kwaya amesahau ushindi huo. Na anayemtaja bibi jirani kuwa ndiye mchawi aliyemloga mtoto wake amefanya baya zaidi, maana amemshuhudia uongo mtu asiyeweza kujitetea, na katika nchi hii tunajua wazee wangapi wamepigwa na kuuawa kwa maneno kama hayo. Mzee wa kanisa anayelisikia jambo hilo akanyamaza ana sehemu yake ya hatia.

Hapa ndipo mtu makini anapouliza swali la pili, nalo ni la haki: kama Kristo anatosha, basi nijisumbue kuishi vizuri kwa nini? Waefeso 2 inajibu kwa pumzi moja, kwamba tumeokolewa kwa neema kwa njia ya imani, wala si kwa matendo, na kwamba tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Wakatoliki na Walutheri waligombana juu ya jambo hili karibu miaka 500, mpaka tarehe 31 Oktoba 1999 walipotia sahihi huko Augsburg tamko la pamoja kwamba tunapokelewa na Mungu kwa neema tu, bila stahili yetu, na kwamba Roho Mtakatifu tunayempokea hutufanya upya na kutuita tutende mema. Wamethodisti waliungana nao mwaka 2006. Yakobo anayesema imani bila matendo imekufa hampingi Paulo. Anamkemea mtu anayemwambia mwenye njaa “nendeni zenu kwa amani” huku ameshika chakula.

Katika sehemu zetu matendo hayo yana majina. Mfanyabiashara Mkristo anayenunua viazi vya mkulima wa Uporoto kwa lumbesa, gunia limefungwa likarefushwa kwa kamba juu ya mdomo wake na bei ikabaki ya gunia moja, anamwibia maskini, na hakuna sadaka ya Jumapili inayoweza kulifunika jambo hilo. “Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA,” inasema Mithali, na serikali yetu nayo inakataza lumbesa kwa sheria. Nimeshangaa mara nyingi jinsi tunavyowatenga ushirika vijana waliokosea katika uasherati, na ni vema kukemea hilo, lakini sijasikia mtu akitengwa kwa ajili ya lumbesa.

Hilo linanifikisha kwenye lile swali la mbolea, ambalo mkulima wa Mbozi au Ludewa analiuliza akiwa na wasiwasi wa kweli, kwa sababu amehubiriwa Malaki 3 kama tishio kwamba asipotoa sawasawa Mungu atamwachilia mharibifu shambani. Paulo anafundisha kutoa kama mtu alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala kwa lazima, na mtoaji aliyetishwa hawezi kutoa hivyo. Fungu la kumi ni kipimo kizuri, nami nalitoa na kulifundisha, lakini lifanyiwe hesabu ya uaminifu. Torati inalitaka katika maongeo, yaani mazao yaliyoongezeka, yatokayo shambani. Mbegu, mbolea ya mkopo na kukodi trekta ni gharama zilizotangulia, na ujira wa vibarua ni mali yao kabla haujawa sadaka ya mtu yeyote. Yakobo 5:4 inasema kwamba kilio cha waliovuna wakanyimwa ujira kimefika masikioni mwa Bwana. Kwa hiyo mkulima alipe vibarua kwanza, alipe deni la mbolea, kisha kilichobaki ndicho akihesabie fungu lake, alipeleke kwa furaha, iwe fedha au debe la mahindi la kwenda mnadani baada ya ibada. Akumbuke pia kwamba kila mwaka wa tatu zaka ya Kumbukumbu la Torati 14 iliwekwa malangoni kwa ajili ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane, wale na kushiba. Basi akimpelekea mjane wa jirani sehemu yake ametoa kwa Mungu yuleyule. Na mwaka ambao mvua ilikatika na shamba halikurudisha hata gharama, hakuna deni la zaka linalobebwa kwenda msimu unaofuata.